Ndege Hakanyagi

Kwa majuma matatu neno la Blasius Kaumu lilikuwa sheria kwenye uchimbaji wa Vulumata, na neno lenyewe lilikuwa moja tu: ndege.

Geua Vagi, mwanaakiolojia aliyekuja kisiwani na wasaidizi wanne kutoka pwani ya Mosbi, kwenye mji mkuu, mara kwa mara alikuta doa la duara, la kijivu, katikati ya majivu meupe. Alilikwangua kwa mwiko wake, akalipima kwa kamba, kisha akaita, "Mjomba, na hili?" Blasius hakuwa na haraka. Alitema popoo yake mbali na kamba, akalala kifudifudi, akatia mkono udongoni mpaka bega likagusa ardhi, akafumba macho. Watu wote waliacha kazi wakimsubiri. Akishasema ndege, Geua aliandika kwenye karatasi kwamba hilo ni shimo la ndege, la zamani, si kazi ya mtu. Mara kumi na moja alisema hivyo, na mara zote kumi na moja alisema kweli.

Haikuwa ramli. Blasius alikuwa mchimba mayai, kama mjomba wake aliyemfundisha kazi. Kule juu mlimani, mahali ambapo udongo una moto wa chini kwa chini, kuku-pori hufukia yai lake kwenye shimo refu, kisha huyo akaenda zake; haatamii, haagi, wala hageuki nyuma kutazama. Mchimbaji hulifuata yai hilo kwa mkono, kichwa chini miguu juu, akiuuliza udongo kwa ncha za vidole: hapa pamefukuliwa, hapa hapajaguswa. Tambarare ya Vulumata nayo ilikuwa na moto huo zamani, kabla ardhi haijapoa na ndege kuhamia juu. Mashimo yao yalibaki, na Geua, licha ya vyuo vyake viwili, mwanzoni aliyadhania ni ya nguzo za nyumba. Siku ya pili tu ya kazi Blasius alimcheka mbele ya watu. Badala ya kununa, binti yule alivua kofia yake pana ya kazi akamvika, akamwambia kuanzia leo wewe ndiye mkono wangu wa chini.

Kofia ile ilimkaa vizuri, na tatizo lilianzia hapo.

Kampuni ilitaka kujenga kiwanda cha mafuta ya mawese juu ya tambarare ile, na serikali ilisema hakuna kujenga kabla wanaakiolojia hawajaipekua ardhi. Ikapekuliwa. Juu kabisa yalitoka mahandaki ya wanajeshi wa Kijapani, na chupa zao, na makopo, na kijiko kimoja kilichopinda. Chini yake kulikuwa na kijiji cha mababu, mawe ya majiko yakiwa bado meusi kwa masizi. Chini ya kijiji yakaja majivu meupe ya mlima, unene wa mkono mzima, nayo yalikuwa yamefunika udongo mweusi uliojaa vipande vya jiwe-kioo, vilivyochongwa na watu ambao hakuna tena anayejua majina yao. Vyote hivyo, kibali kilisema, vingeandikwa na kufungwa masandukuni, kisha kiwanda kingejengwa. Hata kaburi moja lingehamishwa kwa heshima. Lakini makaburi mawili au zaidi lilikuwa jambo jingine: hapo ardhi ingeachwa ilivyo, na kiwanda kingehamia ng'ambo ya kijito, kwenye shamba la jirani ambaye ndiye aliyetia sahihi kwa niaba ya watu wote bila kutumwa na mtu.

Ukoo wa Blasius haukutia sahihi hata moja. Kwao ardhi hupita kwa wanawake, na mwenye Vulumata alikuwa dada yake mkubwa, Filomena, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutosha watu wawili. Alikwenda mpaka ofisi ya ardhi mjini kueleza kwamba mama wa mama zao walizikwa pale, kwenye ule weupe. Ofisa alimsikiliza vizuri, akamwuliza: wako wapi? Filomena alirudi nyumbani na swali hilo, na tangu siku hiyo kila jioni alimwuliza mdogo wake wameona nini leo. Kila jioni Blasius alijibu ndege, huku akiiweka sawa kofia.

Jumatano ya juma la mwisho, saa ya chakula, mvua ikianza kudondoka, Geua alikuta madoa matatu yamejipanga kwenye mstari mmoja karibu na mshelisheli wa kale. Akayapa namba, kama alivyolipa kila jambo lililotoka ardhini, liwe shimo, jiko au handaki: thelathini na moja, thelathini na mbili, thelathini na tatu. Wakati huo magimbi yalikuwa yameshafunuliwa kwenye mawe ya moto, na harufu ya tui la nazi ilikuwa imemfika Blasius puani. Alipiga goti moja tu. Mkono uliingia thelathini na mbili mpaka kiwiko, udongo laini, ukakwama kidogo, akautoa akajifuta.

"Ndege," alisema.

"Na haya mawili, mjomba?"

"Ndugu zake."

Watu walicheka, Geua akaandika, Blasius akachovya kidole gumba kwenye wino na kukigandamiza kwenye karatasi zote tatu. Kisha akaenda kula, na alikula sana.

Alhamisi mvua haikuruhusu kazi. Ilipokatika alasiri, Blasius alichukua kikapu akapanda mlimani kutafuta mayai, kwa kuwa mjukuu wa Filomena alikuwa abatizwe Jumapili na wageni hawali maneno. Alichagua shimo lililofukuliwa upya, akalala, akatia mkono. Udongo ulimpisha. Ulimpisha kiwiko, ukampisha bega, ukamchukua upande, kwa maana kuku-pori huchimba akielekea upande na si kwenda chini wima, na njia yote ulikuwa laini kama unga uliotoka kuchekechwa. Vidole vyake vilikuwa vimeshagusa yai lenye joto vilipokumbuka kitu kingine. Vilikumbuka pale kiwiko kilipokwama.

Aliliacha yai. Aliketi kando ya shimo, mikono yake ikinuka kiberiti. Kuku-pori husukuma udongo nyuma kwa miguu, akimaliza anaondoka. Hageuki kuushindilia. Anayeshindilia ni mtu, tena mtu anayejua amefukia nini na hataki kifukuliwe. Blasius alijua hayo tangu hajaota ndevu, na aliyajua jana vilevile, ila jana njaa na kofia zilikuwa zimemshika.

Filomena alikiona kikapu kitupu kabla hajamwona mwenyewe. Blasius alimweleza yote, amesimama mlangoni, hakumung'unya neno. Dada yake alikuwa akimenya gimbi, na aliendelea kulimenya mpaka likabaki dogo la kutia huruma.

"Kwa hiyo mama zetu umewapa kuku," alisema.

"Nimewapa, dada."

"Kwa sahani ya magimbi."

Blasius aliweka kikapu kitupu chini.

"Kesho utakwenda kulisema hilo mbele ya watu wote. Si kwa Geua pembeni. Mbele ya watu."

"Watanicheka mpaka nife."

"Wacheke. Kicheko hakijawahi kubomoa kaburi la mtu. Tingatinga ndilo linalobomoa, na linakuja asubuhi."

Lilikuja kweli. Ijumaa saa mbili lilikuwa limeegeshwa kando ya barabara, la manjano na safi, dereva akiwa ameegemea gurudumu la lori lililolileta. Bwana Hadley, mkuu wa ujenzi wa kampuni, alikuwa ameshafika. Alikuwa mtu wa Kwinslandi, ng'ambo ya bahari, mrefu, aliyekaa kisiwani miaka kumi na miwili na kuijua lugha yao vizuri, pamoja na matusi yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye ratiba, na wakati mwingine ni vigumu kuona tofauti. Mkataba wa uchimbaji ulikuwa unakwisha saa sita mchana, na Geua alikuwa ameshatoa kalamu kumtilia sahihi kwamba ardhi imepekuliwa yote na haina makaburi.

Blasius alikuja katikati ya wasaidizi, wapishi, walinzi na nusu ya kijiji, na nyuma yake alikuja Filomena na wanawake wa ukoo wapatao ishirini.

"Binti, futa," alisema. "Thelathini na moja, na mbili, na tatu. Si ndege. Nilitia mkono nusu. Nilikuwa na njaa."

Hadley hakukasirika. Alitabasamu kama mtu anayeuona mchezo aliokwisha kuuona mara nyingi, akawageukia watu. "Majuma matatu mzee huyu ni nabii wa kuku. Leo tingatinga limefika, kuku wamegeuka bibi zake." Watu walicheka, na wa kijiji chake ndio waliocheka zaidi. Blasius alijikaza kisabuni. Kicheko kilimpita, akaona kwamba bado yu hai.

Geua peke yake hakucheka. Alimvuta kando, uso umemwiva. Alimwuliza kama anaelewa amemfanyia nini. Mashimo kumi na manne ameyaandika kwa mkono wa Blasius, jina lake mwenyewe likiwa chini ya kila karatasi. Kama matatu ni ya uongo, nani ataamini hayo kumi na moja? Blasius alimjibu kwamba si ya uongo, ni ya uzembe, na uzembe una dawa. Geua alisema dawa hiyo inataka siku tatu na yeye amebakiwa na saa nne tu. Kisha Hadley akasema kwa sauti, kwa upole kabisa, kwamba walinzi wamsaidie mzee kutoka nje ya kamba.

Blasius alivua kofia akaiweka mikononi mwa Geua. Aliinama chini ya kamba, akaenda moja kwa moja hadi thelathini na mbili, akalala na kuanza kuchimba kwa mikono, kwa namna anayoijua yeye, udongo ukiruka kati ya miguu yake.

"Nitatoka nikimaliza," alisema kutoka shimoni.

Walinzi walisogea. Waliitazama miguu ya Blasius iliyobaki nje, wakamtazama Filomena, aliyekuwa ameketi juu ya kamba yenyewe na wenzake ishirini, akitafuna popoo na kuwataja mmoja mmoja kwa majina ya mama zao. Mlinzi mkubwa akakumbuka kwamba ana kazi langoni.

Geua alipiga hatua mbili, akasimama, akapiga nyingine. Alichuchumaa karibu na ile miguu.

"Mjomba, hivyo unaharibu. Chimba nusu tu. Nusu iache isimame, ili ukuta wake uonekane."

Kichwa cha Blasius kilitokeza, ndevu zimejaa majivu. "Yai halichimbwi nusu."

"Si unasema si yai?"

Blasius alifikiri kidogo. Kisha alichora mstari kwa kidole katikati ya duara, akaendelea upande mmoja, taratibu sasa, na Geua akawa anampokea udongo kwa ndoo. Kufika saa nne ukuta ulikuwa umesimama, nao haukuhitaji chuo wala mkono wa mchimba mayai kuusoma. Shimo halikwenda upande. Lilishuka wima kama kisima. Sehemu ya juu ililegezwa na mizizi ya mshelisheli, lakini chini yake udongo ulikuwa mistari myembamba, mweusi, mweupe, mweusi, mweupe, kila mmoja umeshindiliwa mpaka ukang'aa. Geua alipitisha kidole kwenye mistari ile. Alitia mwiko wake mfukoni, akachukua brashi, akashuka mwenyewe.

Bangili ya kombe ilitoka kwanza, nyeupe, nzima. Geua alipulizia vumbi, na ndani ya bangili mlikuwa na mfupa wa mkono.

Filomena alitoa sauti moja ndogo ambayo Blasius hakuwa ameisikia tangu walipomzika mama yao, na Blasius akalia, hapo hapo shimoni, wala hakujifuta. Alilia kwa sababu bangili ile ilikuwa ndogo, ya mwanamke mwenye mkono mwembamba, na Jumatano aliikaribia kwa urefu wa kiganja tu akaenda kula. Geua alivua kitambaa chake cha kichwani akaufunika mfupa.

Hadley alivua kofia yake naye. Alisubiri muda wa kutosha, hilo tumpe haki yake. Kisha akafungua karatasi za kibali. Kaburi moja, alisema, linahamishwa kwa heshima, na kampuni itatoa jeneza zuri na mchungaji. Hayo mengine mawili yana karatasi zake, na karatasi zinasema ndege. Alizinyanyua watu wazione. "Dole gumba la nani hili, mzee?"

"Langu," alisema Blasius.

"Kwa hiyo hapa ulisema kweli, au hapa?"

Blasius alipanda kutoka shimoni. Alikuwa mweupe kwa majivu kuanzia nywele hadi kucha. Alimwendea Geua. "Binti, wewe umeandika mkono wangu majuma matatu. Leo tia wako."

Alimpeleka kwanza kwenye namba tisa, shimo la ndege lisilo na shaka, akamlaza kifudifudi mbele ya watu wote, msomi mzima na buti zake. Mkono wa Geua uliingia mpaka begani na kupinda upande. Akamwambia akumbuke. Kisha akamlaza kwenye thelathini na tatu. Mkono uliingia mpaka kiwiko, ukasimama. Geua alisukuma, akasukuma tena, akabaki amelala pale shavu limegusa ardhi.

"Pagumu," alisema. "Pamekanyagwa."

"Ndege hakanyagi," alisema Blasius.

Thelathini na moja pakawa vilevile. Geua aliinuka na kujikung'uta. Blasius akamgeukia Hadley, akamwonyesha shimo kama mtu anayemkaribisha mgeni mkekani. "Njoo na wewe utie. Hapaumi."

Hadley alitazama shati lake. Alisema yeye hana utaalamu huo.

"Basi usiubishie," alisema Blasius, na safari hii watu hawakumcheka yeye.

Hadley hakuwa mjinga. Alikunja mikono akasema sawa, na iwe sawa, lakini mzee aulizwe yote kumi na manne, hapa hapa, mbele ya watu, tusikie kama na hayo mengine leo ni bibi zake. Minong'ono ilipita kwa wale wanawake ishirini. Mmoja, binamu yake Blasius, alisema kwa sauti isiyokuwa ndogo kiasi alichodhani kwamba sasa ndiyo nafasi, aseme yote ni makaburi, tambarare nzima, na hakuna kampuni itakayokanyaga tena. Blasius alimsikia. Alimtazama dada yake, na Filomena akamtazama yeye. Alisubiri tu, kama alivyosubiri kila jioni.

Geua akasoma. Namba mbili?

"Ndege."

Namba tano? Ndege. Namba tisa? Ndege. Mara kumi na moja, na kila mara Blasius alisema kwa sauti ileile, bila kupepesa macho, akiachilia ardhi ya mama yake kipande kwa kipande kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Binamu alifunika uso kwa mikono. Hata dereva wa tingatinga alikuwa amekuja karibu kusikiliza.

"Thelathini na moja?"

"Mtu."

"Thelathini na mbili?"

"Mtu."

"Thelathini na tatu?"

"Mtu. Na wote watatu ni wa kwetu, na walikanyagiwa na watu waliowapenda."

Hapo Hadley aligundua kwamba amejichimbia mwenyewe. Mtu anayetaka kudanganya asingegawa mashimo kumi na moja bure. Geua aliweka karatasi tatu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakata neno ndege kwa mstari mmoja mmoja, si kwa kulifuta, ili kila atakayesoma aone kosa lilikuwa nini na la nani. Chini yake aliandika: kaburi. Akatia sahihi yake, akasogeza wino. Blasius alibonyeza dole gumba pembeni mwa lile la Jumatano. Alama ya kwanza ilikuwa na haraka ya magimbi. Ya pili ilikuwa na majivu.

Hadley alisoma zote tatu, akazikunja, akamwambia dereva ageuze. Akaongeza kwamba kampuni italeta wataalamu wake kutoka ng'ambo.

"Waje," alisema Filomena. "Waje na mikono mirefu."

Kabla ya kufukia, Geua aliomba kipande kidogo tu cha mfupa, apate kujua miaka. Filomena alimwambia miaka ni mingi, inatosha. Geua hakubisha. Kitambaa chake hakukichukua; alikiacha humo humo. Alipiga picha, akachora ukuta, kisha yeye mwenyewe akamwaga ndoo ya kwanza.

Walifukia kama walivyokuta, mweusi, mweupe, mweusi, na kila safu ilipomwagwa wanawake waliingia peku na kuikanyaga. Blasius alikanyaga nao, kichwa wazi. Geua alimletea kofia, akaikataa, akamwambia aivae mwenyewe, jua ni kali na sasa yeye ndiye mwenye mkono. Mvumo wa nyayo ulifika hadi barabarani, ambako tingatinga lilikuwa limeziba njia ya lori na kila mtu alikuwa anamsubiri kila mtu. Hadley alirudi mpaka kwenye kamba kuuliza jambo hili litachukua muda gani.

Filomena hakusimama. "Mpaka mkono wa Blasius ushindwe kupita," alisema, akakanyaga.